Lebo ya kijani na daftari la manunuzi

Ukizunguka kwenye maduka madogo ya vyakula vya asili ya Dar es Salaam, Arusha au Moshi, utadhani bidhaa zote zimetoka jiko moja. Unga wa lishe uko kwenye mfuko wa kaki wenye kidirisha cha plastiki. Asali iko kwenye chupa iliyofungwa kamba ya katani shingoni. Pembeni kuna siagi ya karanga, mafuta ya nazi, mdalasini wa magome, binzari manjano na mlonge wa kusaga. Lebo ina jani la kijani na maandishi: asilia kwa asilimia 100, haina kemikali. Geuza mfuko upande wa pili. Mara nyingi utakuta namba ya simu ya muuzaji, ukurasa wake wa Instagram na, wakati mwingine, orodha ya magonjwa ambayo mbegu za maboga zinayatibu. Kijiji zao lilikotoka hakitajwi, wala mwezi lilipovunwa, wala namba ya mzigo.

Mimi ni mteja wa maduka haya, na sina mpango wa kuyahama. Yana nafasi ambayo supamaketi haiwezi kuipata hata ikitaka, kwa sababu mwenye duka ananunua mwenyewe, anapajua anakonunua, na mzigo wake ni mdogo kiasi cha kuufuatilia gunia kwa gunia. Tatizo ni kwamba wengi wanaitupa nafasi hiyo. Wanatumia pesa kwenye lebo badala ya kuitumia kwenye kumbukumbu. Duka linaloweza kuniambia mzigo huu ulinunuliwa kwa nani, lini, kwa bei gani, ulianikwa juu ya nini na ulikaa ghalani muda gani, hilo lina kitu cha kuuza. Lisiloweza linauza imani, tena kwa bei ya juu kuliko ya sokoni.

Chukua unga wa lishe, maana ndio unaoishia kwenye uji wa watoto. Mjasiriamali anachanganya mahindi, ulezi, soya na karanga, anakaanga, anasaga, anafunga. Haweki rangi, haweki sukari, haweki kihifadhi. Yote ni kweli. Lakini mahindi na karanga ndiyo mazao yanayoongoza kwa kuvamiwa na fangasi wanaotengeneza sumukuvu, na hakuna kitu cha asili kuliko sumukuvu. Haikupuliziwa na mtu. Huanzia shambani mmea ukipigwa na ukame, huongezeka zao likianikwa juu ya udongo au likirundikwa kabla halijakauka vizuri. Haina harufu wala ladha ya kukushtua, na kuchemsha uji hakuimalizi. Mwaka 2004 iliua watu 125 mashariki mwa Kenya, Makueni na Kitui zikiwemo, na sehemu kubwa ya mahindi yaliyowaua walikuwa wameyalima wenyewe na kuyahifadhi nyumbani. Mwaka 2016 ikaua watu wapatao 20 Dodoma na Manyara. Hapakuwa na kiwanda, hapakuwa na kihifadhi, hapakuwa na mbegu ya maabara ya kulaumiwa.

Kiwango cha Afrika Mashariki kinataka sumukuvu yote isizidi mikrogramu 10 kwa kilo moja ya zao, na ile aina kali zaidi, B1, isizidi 5. Machi 2021 Kenya ilipozuia mahindi ya Tanzania na Uganda kwa sababu hiyo, malori yalikwama Namanga na gazeti kila moja likawa na picha zake. Mjadala ukawa wa kidiplomasia, nani anamwonea nani. Sikumbuki mtu aliyeuliza mahindi yaleyale yakibaki nyumbani yanakwenda kwenye sufuria ya nani.

Sasa duka dogo lifanye nini? Kipimo cha maabara kina gharama, na mtu anayesaga gunia mbili kwa mwezi hawezi kupima kila anaposaga. Ila kuna mengi kabla ya maabara. Anaweza kununua kwa mkulima anayeanika juu ya turubai au kichanja. Anaweza kuhifadhi kwenye mifuko ya PICS, ile yenye tabaka mbili za plastiki ndani ya kiroba, ambayo inawanyima wadudu hewa bila dawa yoyote. Na karanga anaweza kuzichambua kwa mkono. Kazi hii ukiitazama kwa karibu ni ya kuchosha macho: ungo mapajani, vidole vinatoa iliyosinyaa, iliyopasuka, iliyobadilika rangi, yenye kitundu. Ni njia ya zamani na inasaidia sana, kwa sababu sumu haisambai sawasawa kwenye gunia. Hujikusanya kwenye punje chache mbovu.

Lakini swali la uadilifu linakuja baada ya uchambuzi. Zile punje zilizotolewa zinakwenda wapi? Sokoni jibu la kawaida ni kwamba zinauzwa kwa bei ya chini kwa wanaosaga, kwa kuwa karanga ikishakuwa rojo hakuna anayeona ilikuwaje, au zinaishia kwenye chakula cha mifugo, na ng'ombe wa maziwa akizila sumu inarudi kwenye maziwa. Mwenye duka anayejiita mwadilifu anapaswa kuwa na jibu la ndoo ile ya makapi. Akiniambia anayachoma au anayafukia, na kwamba hasara hiyo ameiweka kwenye bei, nitailipa bei yake bila kunung'unika.

Wapo watakaosema sumukuvu ni shida ya nchi maskini, vyakula hai vya Ulaya, yaani vilivyolimwa bila mbolea na dawa za viwandani, vina wakaguzi. Mwaka 2011 Ujerumani ilipata mlipuko wa bakteria wa E. coli ulioua zaidi ya watu 50. Kwanza yalilaumiwa matango ya Hispania, na wakulima wa Hispania wakapata hasara kubwa kwa kosa lisilo lao. Chanzo kilikuja kuonekana kwenye shamba dogo la kilimo hai jimboni Lower Saxony, lililokuwa likiotesha mbegu na kuuza machipukizi yake, na uchunguzi ukafika hadi kwenye mbegu za uwatu kutoka Misri. Vyeti vya shamba havikuwa na kasoro. Kilichofichua ukweli ni risiti na orodha za mapokezi: mgahawa gani ulinunua machipukizi kwa msambazaji gani, na msambazaji aliyatoa wapi. Bila makaratasi hayo wangeendelea kuyatupa matango.

Kwa hiyo swali langu kwa muuzaji wa unga wa lishe ni dogo. Mteja akikupigia simu kesho kwamba mtoto wake ameharisha baada ya kunywa uji, unaweza kujua ni mifuko ipi mingine ilitoka kwenye gunia lile?

Lile dai la "haina kemikali" ndilo linaloniudhi kuliko yote, hasa linapotoka kwa watu wanaokifahamu kilimo. Mkorosho wa Mtwara unapuliziwa salfa dhidi ya ugonjwa wa ubwiriunga, na salfa inaruhusiwa kwenye viwango vya kilimo hai. Pareto inayolimwa nyanda za juu kusini inatoa dawa ya wadudu ya asili kabisa. Inaoza upesi juani, ndiyo sababu inapendwa, lakini nyuki na samaki inawaua. Utupa, mmea ambao wengi wanausaga na kuupulizia kwenye maharage, babu zetu waliutumia kuvulia samaki kwa sumu. Mkulima hai anapulizia, ana orodha ya anachoruhusiwa, ana masharti. Hiyo ndiyo habari ya kumwambia mteja: tulipulizia mwarobaini, tukasubiri siku kadhaa, ndipo tukavuna. Ukimwambia hakuna chochote kilichoguswa unamdanganya, na unamnyima mkulima sifa ya kazi aliyoifanya.

Kwenye nyanya ndiko tofauti inakoonekana kwa macho. Nenda soko lolote asubuhi uangalie matenga yanayoshushwa kutoka Ilula au Mlali. Utaona nyanya zilizopakwa vumbi lenye weupe wa samawati, mabaki ya dawa ya ukungu. Mara nyingi ni mankozebu, ambayo Umoja wa Ulaya uliamua mwaka 2020 kutoiongezea kibali. Mkulima hakupenda iwe hivyo. Mvua zinanyesha, ugonjwa wa baka jani unamaliza shamba kwa siku chache, na dalali akipiga simu kwamba gari linapita kesho hakuna wa kusubiri muda ulioandikwa kwenye pakiti. Duka dogo likitaka nyanya safi lazima liwe na ujasiri wa kukaa bila nyanya miezi ya masika. Mimi hupima duka la vyakula hai kwa hilo: je, kuna siku mwenye duka husema "hamna, subiri"? Kama lina nyanya, pilipili hoho na kabichi mwaka mzima, kwa wingi uleule, kuna gari la sokoni linaloshusha mlango wa nyuma.

Na kutokupulizia pekee hakutoshi. Mchicha wa bonde la Msimbazi unaweza kuwa umekuzwa kwa samadi tupu bila tone la dawa, na bado tafiti za miaka mingi zimekuta madini mazito kwenye maji, udongo na majani yake, kwa kuwa mto ule unabeba maji machafu ya viwanda na ya majumbani. Wanaolima pale ni watu wanaotafuta riziki kwenye ardhi pekee waliyoipata. Mwenye duka anayenunua mchicha "wa asili" mjini bila kuuliza ulimwagiliwa maji gani hajauliza swali la kwanza.

Mayai na kuku nitayapitia haraka kwa sababu kila mtu anajua mchezo wake. Kuku chotara, Sasso na Kuroiler, ni kuku wazuri, wanakua upesi na wamewainua wafugaji wengi wadogo. Udanganyifu ni kuwauza kwa jina na bei ya kienyeji. Kiini cha njano iliyokolea kinaeleza kuku alikula nini, majani au mahindi ya njano. Hakielezi kama alipewa antibiotiki wiki iliyopita. Asali nayo ikiganda watu wanasema ina sukari, wakati kuganda ni tabia ya asali halisi, na jaribio la njiti ya kiberiti halithibitishi lolote. Ila jambo moja wauzaji wa asali walipaswa kuliandika kwa herufi kubwa na hawaliandiki: mtoto chini ya mwaka mmoja asipewe asali, hata iwe safi namna gani, kwa sababu vijidudu vya botulizimu vinaweza kuwamo na tumbo lake haliwezi kuvidhibiti.

Binzari manjano ina kisa chake. Mwaka 2019 watafiti walieleza jinsi wasindikaji wa Bangladesh walivyokuwa wakipaka vipande vya manjano kromati ya risasi, rangi ya njano yenye madini ya sumu, ili ving'ae, na risasi ile ikaonekana kwenye damu za watu. Waliofanya hivyo walikuwa wanamjibu mnunuzi aliyetaka rangi kali. Nawaza hilo kila nikiona mteja anarudisha binzari ya Kigoma au Muheza kwa sababu "imepauka".

Tuna alama yetu, Kilimohai. Ilizinduliwa mwaka 2007 pamoja na kiwango cha kilimo hai cha Afrika Mashariki, EAS 456, na wakati huo kanda pekee iliyokuwa imetutangulia kuwa na kiwango cha pamoja ilikuwa Umoja wa Ulaya. Inasimamiwa na mashirika ya kitaifa ya kilimo hai: kwa Tanzania TOAM, kwa Kenya KOAN, kwa Uganda NOGAMU. Kuna njia mbili za kuipata. Ya kwanza ni kukaguliwa na kampuni ya uthibitisho, jambo linaloweza kugharimu maelfu ya dola na ambalo kwa kawaida hulipwa na msafirishaji wa kakao, kahawa au pamba kwenda nje. Ya pili ni mfumo shirikishi, PGS, ambao wakulima wanajiunga kwa vikundi, kila mmoja anaweka saini ya ahadi, wanakaguana mashamba, na anayekiuka anasimamishwa.

Wasomi wa uthibitisho huiona PGS kama njia ya watu wasio na uwezo. Naikataa dharau hiyo, ingawa nauona udhaifu wake: si rahisi kumshtaki shemeji yako mbele ya kikundi. Lakini mkaguzi wa kampuni anakuja mara moja kwa mwaka, tena kwa taarifa, akiwa na fomu. Jirani anapita kila siku. Anaona kichupa cha dawa kilichotupwa mtaroni, anasikia harufu alfajiri, anajua shamba la juu kwenye mteremko ni la nani na anapulizia nini, maana mvua ikinyesha dawa inateremka kwa aliye chini. Na mfumo ule unamruhusu mnunuzi ashiriki ukaguzi. Morogoro, ambako shirika la SAT limekuwa likifundisha wakulima wa milima ya Uluguru tangu 2011 na lina duka lake mjini, hilo linawezekana kwa safari ya asubuhi kwenda na kurudi. Mwenye duka aliyepanda mlima kukagua pamoja na kikundi hahitaji kuniambia mengi. Akiulizwa swali anajibu kwa jina la kitongoji.

PGS haikubaliki kwa bidhaa zinazokwenda Ulaya. Huko mambo yamekaza zaidi: kanuni ya 2018/848, iliyoanza kutumika Januari 2022, inataka kila kikundi cha wakulima wadogo kiwe chombo chenye usajili wake kisheria na kisizidi wanachama 2,000. Vyama vikubwa vimelazimika kujigawa na kujipanga upya, kwa gharama ambayo mlaji wa chokoleti Zurich haioni. Kwangu hiyo ni sababu nyingine ya kulichukulia soko la nyumbani kwa uzito, na soko la nyumbani ndilo hilo la maduka madogo.

Tufike kwenye pesa. Zungumzo la chakula cha maadili kwetu limeegemea kwenye mwili wa mlaji: sumu, saratani, kitambi. Mkulima anatokea kwenye picha tu, akitabasamu, kikapu kichwani. Njoo uone mzigo unavyonunuliwa. Lumbesa ingalipo, gunia lililoongezewa kichwa juu na kushonewa kamba, wakati sheria ya vipimo hairuhusu gunia la mazao kuvuka kilo 100 na Wakala wa Vipimo wanaimba wimbo huo kila msimu. Viungo vinanunuliwa vikiwa bado mtini, mkulima akiwa na shida ya ada au matibabu, kwa bei ambayo wiki sita baadaye ingekuwa aibu kuitaja. Na maduka yetu ya kijani yana ugonjwa wao wenyewe, mali kauli. Mkulima analeta asali na mdalasini, anaambiwa atalipwa ikiuzwa. Inauzwa. Anapiga simu, haipokelewi. Anakuja mjini kwa nauli yake, anapewa nusu, nyingine njoo mwisho wa mwezi.

Mkulima huyo huyo tunamtaka asitumie dawa, apalilie kwa mkono, atengeneze mboji, na asubiri kipindi cha mpito ambacho kwa kanuni za Ulaya ni miaka 2 kabla ya kupanda zao la msimu na 3 kabla ya kuvuna zao la kudumu, akilima kwa taabu ya kilimo hai na kuuza kwa bei ya kawaida. Kisha tunamkopa. Mtu akiniuliza kwa nini mwanakikundi wa PGS alinunua dawa kimyakimya msimu ule, kabla ya kuzungumzia maadili yake ningeomba kuona alilipwa lini mara ya mwisho.

Bei ya rejareja ni kubwa, na wenye maduka wana sababu za kweli: mizigo midogo, usafiri wa bodaboda na basi, mazao yanayooza, pango la fremu. Matokeo yake wateja wao ni watu wa Masaki na Njiro, huku anayesaga dona mtaani akila mahindi ambayo hakuna aliyeyapima. Sioni duka dogo likimaliza tatizo hilo. Linaweza hata hivyo kuacha kulikuza kwa kuagiza mbegu za chia kutoka ng'ambo na kuziita afya, wakati uwele wa Dodoma, ulezi wa Rukwa na ufuta wa Lindi vinapita mlangoni kwa bei ambayo familia ya kawaida inaimudu. Unga wa dona wenyewe, uliosagwa wiki hii na kuandikwa tarehe, maana kiini chake kina mafuta na haukai muda mrefu kama sembe, ungemfaa mteja kuliko nusu ya vitu vilivyopo kwenye rafu ile.

Pendekezo langu limewachekesha wenye maduka niliowaeleza. Kando ya bei ya kuuzia, andika bei uliyomlipa mkulima na tarehe uliyomlipa. Karatasi moja, kalamu moja. Mmoja alinijibu kwamba wateja watauona upana wa faida na kuanza kulalamika. Basi aueleze: hii nauli, hii pango, hizi karanga nilizozitupa. Mwingine alisema mshindani atasoma ile bei, atapanda Uluguru na kumpandia mkulima wake dau. Hilo linawezekana kabisa, na sioni mkulima akiandamana kulipinga.